Miaka 13 Isiyosimuliwa

Kama Biblia iko karibu, fungua Mwanzo sura ya 16, ushuke hadi mstari wa mwisho kabisa. Kama uko barabarani au uko jikoni, usihangaike, nitakusimulia mimi. Mstari ule unatueleza kwamba Abramu alikuwa na umri wa miaka 86 Hajiri alipomzalia Ishmaeli. Sasa vuka uende mstari wa kwanza wa sura ya 17. Hapo Abramu ana miaka 99, na Mungu anamtokea. Katikati ya mistari hiyo miwili hamna kitu. Kwenye Biblia yangu kuna nafasi nyeupe, upana wa kidole, na kichwa cha habari kilichowekwa na wachapaji. Basi. Miaka 13 ya maisha ya mtu imelala ndani ya upana wa kidole.

Tukihubiri habari za Ibrahimu huwa tunaparuka hapo. Tunamtoa Harani akiwa na miaka 75, tunamfikisha kwa Isaka akiwa na 100, tunatoa hesabu, tunasema mzee alingoja miaka 25, na kanisa zima linajibu amina. Mimi naona hesabu hiyo ni ya haraka mno. Abramu hakungoja miaka 25. Alingoja kama kumi, kisha nyumba ikachoka.

Na aliyechoka kwanza ni Sarai. Tusimseme vibaya. Kwa desturi za wakati ule, mke asiyezaa kumpa mumewe kijakazi ili apatikane mtoto lilikuwa jambo la kawaida, halikumshangaza jirani yeyote. Tena si wakati ule tu. Kaa kwenye kikao cha ukoo leo, iwe Mbeya, iwe Kakamega, kuzungumzia kijana aliyeoa miaka kumi iliyopita na hajaitwa baba, usikie mashangazi watashauri nini. Watashauri yale yale ya Sarai, na watayasema kwa upendo. Ahadi ilikuwa imetolewa, umri unakwenda, Mungu yuko kimya, basi tumsaidie kidogo.

Lakini tazama nani aliyelipia msaada ule. Hajiri hakuulizwa chochote. Alipewa kama kitu, akapata mimba, akateswa mpaka akakimbilia nyikani. Ukifuatilia vizuri habari za watu waliochukua njia ya mkato kwa sababu Mungu amechelewa, utakuta mara nyingi kuna mtu mwingine, mdogo zaidi yao, aliyebebeshwa gharama. Mke wa kwanza anafukuzwa. Shamba la wadogo zake linauzwa ili kaka apate nauli ya kwenda Ughaibuni. Mtoto anatolewa shule.

Turudi kwenye ile nafasi nyeupe. Miaka 13 Ishmaeli anakua hemani. Anajifunza kutembea, anapoteza meno ya utotoni, anaanza kuchunga na baba yake. Je, Abramu alikuwa bado anangoja? Sidhani. Mungu alipomwambia kwamba Sara mwenyewe atazaa, mzee alianguka kifudifudi akacheka, kisha akamwombea Ishmaeli aishi mbele za Mungu. Hilo ni ombi la mtu aliyeridhika. Mtoto ninaye, Bwana, huyu anatosha. Yaani siku ahadi inarudi kutajwa, mwenye ahadi alishaacha kuingoja.

Ndipo naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya siku hizi. Isaka alizaliwa ijapokuwa baba yake alishakunja mkeka wa kungoja. Mungu hakupima kiasi cha subira ya Abramu kisha akatoa mtoto kwa kipimo hicho. Subira haikuwa malipo. Nyakati hizi tumeigeuza iwe malipo: ngoja vizuri, upate, ngoja kwa mashaka, ukose. Na likishakuwa jambo la malipo, halikosi wa kuliwekea bei.

Mama mmoja aliniandikia mwezi uliopita. Binti yake ana diploma ya uhasibu na kazi hana. Mahali anaposali, hakupataja nami sikumuuliza, ameambiwa kuna sadaka ya kufungua mlango, na kima chake kimeshapangwa. Ametoa mara mbili. Mara ya pili aliuza mbuzi. Sasa anaambiwa mlango haujafunguka kwa kuwa moyoni mwake ana shaka, atoe mara ya tatu. Ndugu msikilizaji, huo ni mchezo ambao mchezeshaji hawezi kushindwa. Ajira ikipatikana, sadaka imefanya kazi. Isipopatikana, mama ana shaka. Wala simzungumzii mtumishi mmoja. Ninazungumzia ile hewa tunayovuta sote kila mkesha wa mwaka mpya, tunapotangaziwa kuwa mwaka unaoingia ndio wa kuvuka, na mwaka uliopita nao uliitwa hivyo hivyo, na hakuna aliyesimama madhabahuni kutuuliza nani alivuka na nani bado yuko ng'ambo ileile.

Basi kumngoja Mungu kukoje? Nitakupeleka Rabai, pale nyuma ya Mombasa, ukishapita Mazeras. Wenyeji wa Pwani wanapafahamu. Pana makumbusho ya Krapf pale, na pana kanisa. Habari za Krapf zinajulikana zaidi: Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza, CMS, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga naye akafa. Kaburi lao liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mimi leo nataka huyu wa pili, ambaye hatajwi sana: Johannes Rebmann, kijana wa Gerlingen kule Württemberg, aliyemfuata Krapf mwaka 1846 akiwa na miaka 26.

Walihamia Rabai mwezi Agosti mwaka huo, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja kupanda mlima. Wazee wa kaya, kijiji cha jadi cha wenyeji, waliwaruhusu kujenga. Wakaanza kuhubiri. Na watu wa Rabai, ambao walikuwa na Mungu wao, na kaya yao, na mila zao zilizokamilika, waliwasikiliza kwa adabu, wakarudi mashambani. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, na alibatizwa karibu na kufa. Hesabu ikarudi palepale ilipoanzia.

Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848. Wataalamu wa jiografia London walimcheka. Mmoja wao, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mmishonari. Ilibidi msafara wa Baron von der Decken ufike mlimani mwaka 1861 na 1862 ndipo neno lake likakubalika. Hapo kati angeweza kutafuta sifa. Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Mombasa akielekea kutafuta maziwa ya bara, safari iliyochochewa kwa kiasi na ramani ambayo Rebmann mwenyewe alishiriki kuichora. Ilitarajiwa Rebmann afuatane naye. Hakwenda. Burton akaendelea na mwenzake Speke, majina yao yakaingia vitabuni, na Rebmann akabaki na Wanyika wake, kama walivyoitwa Wamijikenda siku hizo.

Krapf aliondoka mwaka 1853, afya imevunjika. Hawa wawili hawakuwa na mtazamo mmoja: Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kuvuka Afrika nzima, Rebmann alikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Alimwoa Emma, mjane Mwingereza, mwaka 1851. Mtoto wao wa kiume alikufa mchanga. Emma mwenyewe alifariki mwaka 1866. Hata hapo Rebmann hakurudi Ulaya. Muda wote huo alikuwa anafanya nini? Alikuwa akiandika maneno. Aliandika msamiati wa Kinyika. Alikutana Mombasa na Salimini, mtumwa aliyetolewa kwao karibu na Ziwa Nyasa, akakaa naye chini, neno baada ya neno, akatunga kamusi ya lugha ya watu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kufika nchini mwao. Macho yakaanza kuzima.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipokuja mwaka 1873 kwa shughuli ya kumbana Sultani Barghash wa Zanzibar juu ya biashara ya watumwa, alimkuta mzee nusu kipofu, ana makaratasi yake na waumini wa kuhesabika. Rebmann aliondoka Rabai mwaka 1875, baada ya miaka 29. Akafa Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876. Kamusi ya Kinyasa ikatoka mwaka 1877. Ya Kinyika ikatoka 1887. Hakuishika hata moja.

Wapo waliomwona Rebmann kama mtu aliyekwama, aliyejificha ndani ya kamusi kwa sababu mahubiri yalimshinda. Huenda wana hoja. Sitaki kumfanya malaika. Kumngoja Mungu na kukwama vinafanana sana ukivitazama kwa nje, na hata mwenyewe aliye ndani yake kuna siku hawezi kuvitenganisha. Mimi ninachokitazama ni kimoja: kila asubuhi alikuwa na kazi, na kazi ile ilikuwa na faida hata kama lile aliloliombea lisingetokea. Mtume Yakobo anapotaka kutueleza habari ya kuvumilia anamtaja mkulima anayengoja mvua. Mkulima wa Rabai mwezi wa tatu hajakaa barazani akitazama mawingu. Ameshafyeka, ameshachoma takataka, mbegu ya mahindi inaning'inia juu ya meko isiliwe na wadudu, jembe limetiwa mpini mpya. Mvua si mali yake, na anajua hivyo. Shamba ni lake.

Kisha tazama kilichotokea Rabai, maana si kile ambacho Rebmann angekitabiri. Kanisa lilijaa, tena upesi, lakini halikujazwa na wale wazee wa kaya aliowahubiria. Lilijazwa na watumwa. Baada ya mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, CMS ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini. Wakaja wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa utotoni na kulelewa India, watu wenye ufundi na elimu. Mmoja wao, William Jones, Myao kwa asili, ndiye aliyeongoza Rabai. Na kwa Jones wakaanza kuja watoro.

Hapo ninataka tukae kidogo. Watoro walikuwa watumwa wa mashamba ya pwani waliokimbia. Hawakungoja mkataba wala meli ya Waingereza. Walitembea usiku, wakafika Rabai, wakaomba kukaa. Kwa sheria za wakati ule misheni haikuruhusiwa kuwapokea, na wakubwa wa misheni walionywa. Jones, aliyewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe, aliwapokea. Mwaka 1888 wamiliki walidai watu wao warudishwe, na mambo yakakaribia kuwa vita. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akakubaliana na wamiliki walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati zao za uhuru, hapo hapo Rabai.

Sasa niambie, wale watoro walikosa subira? Kuna mtu angeweza kuwahubiria wakae shambani chini ya kiboko, wamngoje Bwana. Na kwa kweli mahubiri ya namna hiyo yapo hadi leo, yamebadilisha nguo tu. Mwanamke anapigwa na mumewe, anakwenda kwa wazee wa kanisa, anaambiwa avumilie, amwombee, Mungu ana wakati wake. Mgonjwa anaambiwa aache dawa za kupunguza makali ya virusi ili aonyeshe kwamba anamngoja Mungu, na miezi michache baadaye tunachangishana sanda. Mfanyakazi hajalipwa mshahara na tajiri wake ni mzee wa kanisa. Anaambiwa asipeleke shauri kwa watu, alipeleke kwa Mungu. Hayo siyaiti kumngoja Mungu. Ni kumngoja binadamu aache uovu wake kwa hiari yake, na binadamu hana ahadi ya namna hiyo.

Bwana Yesu alipotaka kufundisha wanafunzi wasikate tamaa katika kuomba, kwenye Luka 18, alimchukua mjane mwenye kesi. Mjane yule anakwenda kwa kadhi dhalimu, anafukuzwa, anarudi. Anamsumbua mpaka kadhi anachoka. Huyo ndiye mfano wa Yesu wa mtu asiyechoka kungoja: mama aliye kwenye foleni ya mahakama kila siku, ana faili kwapani. Tukitaka kumwambia mtu amngoje Mungu, kwanza tumuulize anangoja nini. Kama ni jambo lililo mikononi mwa chifu, mwajiri, polisi au daktari, tumsindikize huko, na tusali njiani. Kama ni jambo ambalo kweli hakuna mkono wa mtu unaoweza kulifikia, kama mtoto ambaye hospitali zote zimeshapima zikanyoosha mikono, au mfiwa ambaye uchungu wake haupoi, hapo ndipo tuseme maneno machache, au tukae naye kimya.

Na anayengoja aruhusiwe kulalamika. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba Mkristo anayengoja lazima atabasamu. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na katika miwili ya kwanza Daudi anamuuliza Mungu mara nne jambo hili litaendelea mpaka lini. Mara nne! Ukimsikia mtu kwenye ibada ya katikati ya wiki anaomba hivyo, kuna atakayemshika bega amwambie akiri ushindi. Zaburi ya 88 ndiyo kali zaidi, maana inaishia gizani, haigeuki mwishoni kuwa shukrani kama zaburi nyingine. Waliokusanya Zaburi waliisoma, wakaiona inavyoishia, wakaiweka kitabuni hivyo hivyo. Mimi nikisali na mtu aliyengoja muda mrefu huwa namsomea hiyo kabla ya nyingine yoyote. Wengine hushangaa kwamba imo. Mzee mmoja aliniambia nirudie, akidhani nimeruka kipande cha mwisho.

Muda wetu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Mama uliyeniandikia, nimekujibu faraghani lakini umeniruhusu nikujibu na hapa. Binti aendelee kupeleka barua za maombi ya kazi, kila wiki, na kama kuna duka la vifaa vya ujenzi hapo mtaani linalohitaji mtu wa kuweka hesabu kwa siku mbili tatu, aende, uhasibu ni uhasibu. Jioni msali pamoja, na mkichoka mwambieni Mungu mmechoka. Mbuzi waliobaki wabaki zizini. Sadaka ya Jumapili toeni kama mlivyozoea, kwa moyo wenu. Ile yenye bei msiitoe, na akiwauliza mtu sababu, mwambieni mmesikia redioni, alaumiwe mtangazaji.

Jumatano ijayo, Mungu akipenda, tutamsoma Hana, mama yake Samweli. Ukipata nafasi kabla ya siku hiyo, soma Samweli wa Kwanza sura ya kwanza, na uangalie hasa kuhani Eli alidhani nini alipomwona yule mama midomo inacheza na sauti haitoki. Nina maneno kidogo na Eli.